Vitabu Kumi vya Kugombania Kijiweni

Kupanga orodha ya vitabu ni kama kutaja kikosi cha timu ya taifa: mchaguzi ni mmoja, makocha ni nchi nzima. Najua utabisha. Ndiyo maana nimeandika.

Nimechukua vitabu kumi kutoka kwenye familia tatu ambazo hata harusini hazikalishwi meza moja: falsafa ya sanaa, sayansi na jamii, na uanaharakati wa mtandaoni. Nimevipanga kuanzia cha kumi kwenda cha kwanza kwa kipimo cha kisayansi kabisa, yaani vikombe vya kahawa chungu. Ukikitaja kitabu kijiweni, mbele ya watu ambao wengi wao hawajakisoma, ubishi utadumu vikombe vingapi kabla mtu hajaugeuzia kwenye Simba na Yanga? Kitabu kinachokubaliwa na wote hupewa kikombe kimoja na pole. Kinachokufanya ugombane na macho yako mwenyewe kinapanda juu. Kashata ni alama ya ziada, na natoa mimi tu.

10. The Age of Surveillance Capitalism, Shoshana Zuboff (2019)

Kurasa karibu 700 za kukueleza kwamba simu yako inakuchungulia. Hoja yenyewe ni nzito. Kampuni kama Google ziligundua kwamba mabaki ya mizunguko yetu mtandaoni (ulichotafuta, ulipotulia, ulipobofya ukajuta) yanaweza kukusanywa na kugeuzwa bidhaa ya kubashiri utafanya nini kesho. Mnunuzi wa ubashiri huo si wewe. Wewe ndiye shamba.

Shida inakuja kijiweni. Ukisema simu zinatusikiliza, wote wanaitikia, na kila mmoja ana kisa chake cha kutaja viatu mchana na kuletewa tangazo la viatu usiku. Ubishi unakufa kahawa ikiwa bado ya moto. Kisha wote wanainama tena kwenye simu zao.

Hukumu: kikombe kimoja. Ila kwa kuzuia mlango usipigwe na upepo, hakina mpinzani.

9. Jamhuri, Plato (karne ya 4 kabla ya Kristo)

Babu wa wote wanaotaka kufungia nyimbo. Katika mji bora wa Plato, mshairi hodari wa kuigiza kila kitu akibisha hodi atapokewa kwa heshima, atapakwa manukato, atavishwa taji la sufu, halafu ataonyeshwa njia ya kwenda mji mwingine. Ni kufukuzwa kazi kwa sherehe ya kuagwa. Watakaobaki ni wale wa kusifu miungu na watu wema. Kwa lugha yetu, kaswida na nyimbo za kumpokea mheshimiwa uwanja wa ndege.

Kosa la Plato ni kuzaliwa mbali na Mombasa. Angemgusa Muyaka bin Haji, mshairi aliyekuwa akiwarushia beti maadui wa Wamazrui enzi za Seyyid Said, angejibiwa kwa vina kabla ya alasiri, na watoto wa mtaa mzima wangekuwa wameshalikariri jibu kufikia magharibi. Na hao walikuwa hawana bando.

Cha kuchekesha zaidi, mzee anayewafukuza watunzi ndiye aliyetunga kisa cha watu waliofungwa minyororo pangoni wakitazama vivuli ukutani, mojawapo ya hadithi zinazosimuliwa zaidi katika falsafa yote.

Hukumu: vikombe viwili. Kimoja anywe mwenyewe, akiwa nje ya mji.

8. Against Method, Paul Feyerabend (1975)

Huyu ndiye Mzee Ruksa wa falsafa ya sayansi. Anasema ukiichunguza historia, hukuti kanuni hata moja ya utafiti ambayo wanasayansi wakubwa hawakuivunja walipobanwa, Galileo akiwa wa kwanza. Kwa hiyo ukilazimisha kanuni moja isiyozuia maendeleo, itabidi iwe hiyo hiyo: ruksa.

Kitabu kilipangwa kiwe cha watu wawili. Rafiki yake Imre Lakatos angeandika upande wa kuitetea mbinu, lakini akafariki mwaka 1974, na Feyerabend akachapisha upande wake peke yake. Ndiyo maana ukikisoma unamwona mtu anayebishana kwa hamasa na kiti kitupu. Kila kijiwe kina mtu wa namna hiyo. Wa kwetu hana kitabu.

Hukumu: viwili na nusu.

7. Sanaa ni Nini?, Leo Tolstoy (1897–98)

Tolstoy anasema aliihangaikia kazi hii miaka 15. Jibu alilopata: sanaa ni kuambukiza hisia. Msanii ana hisia, anaipitisha kwako kama mafua, nawe unapiga chafya ileile. Kazi isiyoambukiza, au inayoambukiza hisia mbaya, si sanaa njema. Hadi hapo tuko pamoja.

Halafu mzee anaanza kufagia. Simfoni ya tisa ya Beethoven, nje. Wagner, nje. Shakespeare, nje. Ukidhani atajibakiza mwenyewe, naye anajitoa: Vita na Amani hamna, Anna Karenina hamna, zinapona hadithi zake mbili fupi tu. Unamjua mjomba anayeponda pilau ya harusi huku akiwa sahani ya tatu? Huyu ni mjomba aliyeipika pilau yenyewe.

Hapa kijiwe kinagawanyika, kwa sababu Mwalimu Nyerere alimwona Shakespeare anastahili kuhangaikiwa mara mbili: alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akafuatia na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, huku akiendesha nchi. Tolstoy alikuwa na shamba, muda na wasaidizi, na hakumtaka hata mara moja. Nani unamwamini?

Hukumu: vikombe vitatu. Ukimpinga Mwalimu, lipia vyote.

6. The Net Delusion, Evgeny Morozov (2011)

Hakuna kitabu kilichoonewa na kalenda kama hiki. Morozov, kijana wa Belarus, aliandika kwamba tumelewa matumaini ya mtandao. Kwamba watawala wa mkono wa chuma nao wanajua kutumia intaneti, tena kwa kupeleleza na kueneza propaganda, wakati mwanaharakati anadhani kubofya ni kupigana. Kikaingia madukani Januari 2011. Januari hiyohiyo Rais Ben Ali akakimbia Tunisia, na dunia nzima ikaimba jina la Facebook. Ni sawa na kutangaza ukame siku ya masika.

Kitabuni mna kisa ninachokipenda kuliko vyote katika orodha hii. Mwanasaikolojia mmoja wa Denmark alifungua kundi la Facebook la kuokoa chemchemi ya mapambo ya Copenhagen isibomolewe. Wakajiunga zaidi ya watu 20,000. Hakuna aliyekuwa na mpango wa kuibomoa. Chemchemi ilikuwa salama salimini, haijui hata kwamba imeokolewa.

Miaka ikapita, masika yakaisha, na Morozov akaanza kuonekana si mjinga. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kuingia kwenye mitandao ya kijamii. Mwaka huohuo Tanzania ilileta kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa kulipia leseni inayozidi shilingi milioni mbili. Watu wakajifunza VPN kabla hawajajifunza kirefu chake.

Hukumu: vitatu na kashata ya kumpoza. Kuwa sahihi mapema mno kunachosha.

5. Silent Spring, Rachel Carson (1962)

Sasa tunaingia kwenye ubishi wa watu wazima. Carson alikuwa mwanabiolojia wa bahari mwenye kalamu tamu. Akaandika jinsi dawa ya wadudu ya DDT na jamaa zake zinavyoingia kwenye udongo, kwa mdudu, kwa ndege, hadi mezani kwako. Viwanda vya kemikali vikamjia juu. Akaitwa mwanamke wa jazba. Alikuwa anaugua saratani wakati akijibu, na akafariki Aprili 1964. Marekani ikaipiga DDT marufuku mwaka 1972.

Ukiishi Ulaya, hadithi inaishia hapo, makofi. Ukiishi penye mbu, ndipo inapoanza. Zanzibar ilipuliziwa DDT majumbani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Malaria ikashuka sana. Kazi ikasimamishwa mwaka 1968, na malaria ikarudi kama mpangaji aliyesahau sufuria. Kwa hiyo kijiweni lazima atokee wa kusema mama huyu alijali ndege kuliko watoto wetu.

Mkatize hapohapo. Carson hakudai dawa zote zifutwe. Alilalamikia kumwagwa ovyo mashambani, na alionya kwamba ukimwaga ovyo, wadudu watazoea na dawa itakosa kazi siku utakapoihitaji. Hata Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliacha mlango wazi kwa DDT ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa. Aliyesoma kitabu na asiyekisoma wanagombana, kumbe wako upande mmoja wa chandarua.

Hukumu: vikombe vinne, na mtu mmoja kuondoka amenuna.

Mapumziko ya kashata

Nimeshakusikia: "Ngũgĩ yuko wapi?" Kuondoa Ukoloni wa Akili, au kwa jina lake la 1986, Decolonising the Mind, hakimo kwenye kumi bora, na sababu ni ya kikombe tu. Kijiweni kwetu wote tunaafiki kwamba lugha zetu ziheshimiwe, tunaafiki kwa Kiswahili, na tunawapeleka watoto shule za Kiingereza saa moja asubuhi. Hapo ubishi uko wapi?

Lakini nampa heshima ya mapumziko kwa jambo moja. Katika kitabu hicho alitangaza kuiaga lugha ya Kiingereza katika uandishi wake, tangazo lenyewe likiwa la Kiingereza. Baadaye aliandika riwaya kwa Kigikuyu kama alivyoahidi, ila kumbukumbu za maisha yake zikatoka kwa Kiingereza. Sisi watu wa pwani hatushangai. Mgeni mwenye adabu akiaga, husimama mlangoni akaongea nusu saa nyingine. Ngũgĩ alisimama karibu miaka 40.

Kahawa imeongezwa. Tuendelee.

4. Kazi ya Sanaa Katika Zama za Kunakilishwa kwa Mashine, Walter Benjamin (1936)

Ndiyo, ni insha, si kitabu. Orodha ni yangu.

Benjamin, Myahudi wa Berlin aliyekuwa uhamishoni Paris, aliuliza nini kinaipata picha pale kamera inapoweza kuizalisha mara elfu. Jibu lake: inapotea ile haiba ya kitu kuwa hapa, sasa, kimoja tu, chenye historia yake mwilini. Ila hakulia machozi matupu. Aliona kwamba kitu kikitoka madhabahuni kinaweza kufika mikononi mwa umma, na umma ukakitumia kwa siasa. Aliyajua pia mafashisti, na jinsi wanavyoipamba siasa hadi vita vionekane sanaa. Mwaka 1940, akiwakimbia Wanazi, alifia Portbou, mpakani mwa Uhispania.

Sasa mlete Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa, za aina ya kupakia baiskeli, juu ya mbao laini za dari. Akauawa kwa risasi mwaka 1972 na polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea: chui yuleyule, ndege walewale, twiga yuleyule anayeonekana kama kasikia umbeya. Na hawakutumia mashine. Wananakili kwa mkono, rangi mbichi, kila mmoja na sahihi yake. Je, haiba imepotea, au imegawanywa kama sahani ya sinia? Maana picha ya hamsini ya twiga huyo ni kitu kimoja tu, hapa, sasa, na muuzaji atakuapia hivyohivyo ukianza kupunguza bei.

Benjamin hakuliona swali hilo, na mimi simlaumu; hakupata kutembea Msasani kwa wachoraji hao.

Hukumu: vikombe vinne na kashata mbili. Zinafanana, lakini kila moja ni ya asili.

3. The Structure of Scientific Revolutions, Thomas Kuhn (1962)

Kitabu kilichosambaza duniani neno "paradaimu", ambalo leo hakuna semina ya mradi inayofunguliwa bila kulitaja. Mwanafalsafa Margaret Masterman alikaa akahesabu, akakuta Kuhn analitumia kwa maana 21. Hata "mambo" ya Dar haijafika huko.

Hoja yake kwa ufupi: siku za kawaida wanasayansi hawapindui chochote. Wanafumbua mafumbo ndani ya mfumo waliorithi, na jambo lisiloingia kwenye mfumo wanalisukuma pembeni, hadi yarundikane mengi, mfumo utikisike, mwingine uingie. Hawasukumi kwa ubaya. Wamefundishwa hivyo.

Mwaka uliofuata kitabu hicho, yaani 1963, katika Sekondari ya Magamba huko Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalipaswa kupozwa kwanza. Akahofia kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyetangulia kuweka ya baridi. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Miaka ikaenda, yuko Mkwawa, Iringa, akaja Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara. Mpemba akauliza tena, darasa likacheka. Osborne naye alikuwa na mashaka, ila alirudi akaagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na jina la Mpemba likaingia kwenye fizikia.

Ukurasa mzuri kuliko wote wa Kuhn haumo kwenye kitabu cha Kuhn. Umo kwenye friji ya shule ya Lushoto.

Usikimbilie kushangilia lakini. Watafiti wengine wamepima upya, na mwaka 2016 ikatoka makala iliyosema ukipima kwa uangalifu jambo lenyewe halionekani. Wengine bado wanalitetea. Na hata likithibitika, aiskrimu haijapindua mfumo wowote. Hapo ndipo mezani pangu panapowaka moto: mmoja anasema Mpemba alionewa na mwalimu, mwingine anasema mwalimu alifanya kazi yake, wa tatu anauliza kama aiskrimu ilikuwa ya vanila.

Hukumu: vikombe vitano. Cha mwisho kiwekwe kwenye friji kikiwa cha moto.

2. Twitter and Tear Gas, Zeynep Tufekci (2017), na Digital Democracy, Analogue Politics, Nanjala Nyabola (2018)

Wamefungana. Ni udanganyifu, najua. Orodha ya kumi imekuwa ya kumi na moja. Kalalamike.

Tufekci anauliza: kwa nini maandamano ya siku hizi ni makubwa hivyo na matokeo madogo hivyo? Anakumbusha kwamba matembezi ya Washington ya 1963 yalichukua miezi ya kuhangaikia mabasi, chakula na vipaza sauti, na hangaiko hilo ndilo lililojenga misuli. Leo hashitegi moja inajaza uwanja kwa siku mbili. Anafananisha na kupandishwa Everest na masherpa. Sisi tuseme Kilimanjaro na wapagazi. Umefika kileleni, picha umepiga, lakini dhoruba ikija hujui kamba inafungwaje. Hakuna wa kubadili mbinu, hakuna wa kutumwa kuzungumza.

Nyabola anamjibu kutoka Nairobi, bila hata kuambiwa kuna swali. Anaonyesha Wakenya kwenye Twitter, wanawake waliojipatia uwanja wao mtandaoni, na uchaguzi wa rais wa 2017 uliosheheni vifaa vya kielektroniki, ambao Mahakama ya Juu iliufuta tarehe 1 Septemba huku wimbo wa mjini ukiwa "fungua seva". Demokrasia ina nywila. Siasa bado ina fomu ya karatasi. Na baadaye Nyabola akaongoza kazi ya kuyatafutia maneno ya haki za kidijitali Kiswahili chake, jambo ambalo wengi wetu tunalilalamikia kwa Kiingereza.

Kisha ukaja Juni 2024. Vijana wa Kenya wakaufafanua Muswada wa Fedha kwa video fupi, wakasambaza namba za wabunge, wakatangaza hawana kiongozi, kabila wala chama. Tarehe 25 wakaingia bungeni. Kuna waliopigwa risasi na hawakurudi nyumbani, na hapo sitii utani. Tarehe 26 Rais akasema hausaini. Tufekci kashindwa, si ndiyo? Ngoja kwanza. Serikali ilipotaka mazungumzo, nani akae upande wa pili wa meza? Julai 5 Rais akaenda mwenyewe kuwasikiliza kwenye X. Kutokuwa na kiongozi kuliwafanya wasinunulike. Je, kuliwafanya pia wasiweze kumalizia? Nimewaona watu wazima wakirushiana vijiko kwa swali hilo, na kahawa yetu hata haina sukari.

Hukumu: vikombe sita, vya kugawana. Cha Tufekci kinapatikana mtandaoni bure kwa ridhaa yake, kwa hiyo kisingizio cha bei usiniletee.

1. Ways of Seeing, John Berger (1972)

Unacheka? Kitabu chembamba, kilichotokana na vipindi vinne vya televisheni ya BBC, kinawapiku Plato na Tolstoy? Ndiyo, na kina faida ambayo wenzake hawana: maandishi yake yanaanzia juu ya jalada. Ni kitabu pekee ambacho mtu anayeishia jaladani ameshaanza kukisoma. Tena katika insha zake saba, tatu hazina maneno, ni picha tupu. Msomaji wa haraka haraka kama wewe (usikatae, nimekuona ukiruka namba 8) unaweza kudai umemaliza karibu nusu bila kusema uongo.

Berger alimsoma Benjamin na alikiri deni. Ila mwalimu aliandika kwa wenzake wachache. Mwanafunzi alisimama mbele ya kamera, akaonekana akikata kwa kisu kichwa cha Venus kutoka kwenye mchoro wa Botticelli. Ulikuwa nakala, watu wa makumbusho walale salama. Kichwa kikishatolewa, picha ya miungu inakuwa picha ya msichana tu. Hivyo ndivyo kila picha inavyoishi sasa: imekatwa, imehamishwa, imewekwa kando ya tangazo. Watu wa grupu la familia wanaosambaza picha ya mafuriko ya nchi nyingine na kuandika "Jangwani sasa hivi" wangemwelewa mara moja.

Kisha anageukia michoro ya wanawake watupu ya Ulaya na kusema waliochorwa wamefundishwa kujiangalia kwa jicho la anayewaangalia. Hii ilisemwa miaka mingi kabla ya kamera ya mbele ya simu. Ukiitaja kijiweni, kuna mzee atasema dada zetu wanapenda kupiga picha tu. Muulize yeye amebadilisha picha yake ya WhatsApp mara ngapi mwezi huu. Ya suti, ya kofia, ya gari ambalo si lake.

Mwaka huohuo Berger alipata tuzo ya Booker kwa riwaya yake G., akasimama kwenye hafla ya wenye tuzo, akakumbusha kwamba fedha zao zinatokana na biashara ya Karibi, na akatangaza nusu anaipeleka kwa Black Panthers wa Uingereza. Hashitegi hakuwa nayo.

Lakini kilichompa taji ni hiki. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza anawaambia watazamaji wamtilie shaka na yeye, kwa sababu ndiye anayechagua waone nini na kwa mpangilio gani. Hakuna mwingine humu aliyempa msomaji kisu kwa upande wa mpini.

Hukumu: vikombe saba, muuza kahawa kashalala kwenye benchi, na bado kuna anayeshikilia kwamba namba moja ilikuwa ya Kuhn. Aje kesho na hoja zake na kikombe chake. Kashata nimezimaliza.